Prosesa mbili, moja imelala

Julai ya Mbeya haina utani. Asubuhi saa moja, nikifungua studio yangu hapa Mwanjelwa, kufuli lenyewe linauma vidole. Huwa nawasha mashine kwanza, kisha nachemsha chai, na kufikia saa mbili chumba kimepata uvuguvugu wa kuniwezesha kuvua koti. Naanza na baridi kwa sababu ndiyo iliyonifumbua macho. Isingekuwa baridi ya Julai 2022, huenda mpaka leo ningekuwa natumia nusu ya kompyuta niliyoilipia yote.

Kazi yangu ni kuhariri video. Harusi zipo, kipaimara kipo, send-off zipo, lakini ugali wangu hasa unatoka kwenye kwaya. Kwaya za huku kwetu zinapenda kurekodi nje: kwenye mashamba ya chai ya Rungwe, Daraja la Mungu, Ziwa Ngozi, Maporomoko ya Kaporogwe. Sare zimepigwa pasi, kamera mbili au tatu, siku hizi na drone juu. Wanarudi na mafaili ya kujaza diski nzima, halafu wanataka video itoke kabla ya Jumapili. Fedha wanayonilipa imechangwa: elfu mbili za huyu, elfu tano za yule, mweka hazina anazihesabu mezani kwangu moja moja. Kwa hiyo muda wao nauchukulia kama kitu kitakatifu. Kwaya haina muda wa kuchezea.

Mwaka 2021 niliamua kuachana na laptop iliyokuwa inanguruma kama mashine ya kusaga. Nikatafuta kompyuta ya mezani iliyotumika, nikapata HP Z600 kwa muuzaji wa Dar. Ilipanda basi, ikafika stendi imefungwa kwenye vipande vya godoro. Muuzaji alinisifia kwenye simu: "Dada, huu ni mtambo. Ndani una prosesa mbili." Na kweli ulikuwa nazo mbili. Z600 ilianza kuuzwa 2009, kwa ajili ya wahandisi na watu wa picha, na mazabodi yake, ule ubao mkuu wa ndani, ina soketi mbili za prosesa. Kila soketi ina nafasi zake tatu za RAM pembeni. Ya kwangu ilikuwa na prosesa mbili za Intel, Xeon E5620 za gigahezi 2.4, na vipande sita vya RAM vya GB 4, vitatu huku na vitatu huku.

Hapa nieleze maneno mapema ili tusipotezane. Prosesa ni ubongo wa kompyuta, kile kipande chenyewe unachoweza kukishika kwa vidole. Soketi ni kikalio chake kwenye mazabodi. Ndani ya prosesa moja kuna core, nami naziita viini, maana ndivyo zilivyo: kila kiini ni mfanyakazi kamili. Na kwenye prosesa nyingi za Intel kila kiini kinaweza kushika kazi mbili kwa pamoja, na hizo naziita nyuzi. E5620 moja ina viini 4 na nyuzi 8. Mbili zinafanya viini 8 na nyuzi 16. Hicho ndicho nilichonunua.

Ubavuni mwa kasha palikuwa na stika ya Microsoft inayosema Windows 7 Pro. Niliiona, nikaifuta vumbi, basi. Windows 7 ilikuwa imeshaachwa kupewa masasisho ya usalama tangu tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo nikapeleka mashine kwa fundi mmoja hapa mjini anipigie Windows 10. Jioni nikaichukua. Iliwaka vizuri, jina la Xeon likaonekana, RAM ikaonekana, intaneti ikashika. Nikamshukuru, nikalipa, nikapanda bajaji na mzigo wangu mapajani.

Nilifanya nayo kazi miezi kumi na tatu.

Ilikuwa nzuri kuliko laptop, siwezi kusema uongo. Lakini haikuwa mtambo. Kulikuwa na kitu kinanikereketa kila nikirenda video ndefu, yaani nikiiachia mashine iunganishe kazi yote kuwa faili moja la video, kama unapobeba ndoo na mtu mwenzako unahisi uzito wote uko kwako. Nilijiambia ni mashine ya zamani, ndivyo ilivyo. Nikasafisha diski, nikapunguza programu zinazojiwasha zenyewe. Hapakubadilika kitu cha maana.

Siku iliyonichoma moyo ni ya Juni mwaka huo wa 2022. Kwaya ya kutoka Tukuyu ilimtuma mama mmoja mtu mzima, katibu wao, aje kuchukua video ya dakika hamsini na nane. Tulikubaliana saa tisa mchana. Saa tisa ikikaribia nikagundua jina la mwimbaji mmoja limekosewa kwenye maandishi, nikarekebisha, nikaanzisha kurenda upya. Mama akafika, nikampa shikamoo na kiti, akajifunika khanga yake ya pili mabegani, tukawa tunaangalia ule mstari wa kijani unavyosogea. Asilimia ishirini. Asilimia thelathini na moja. Saa tatu na dakika ishirini kwa video isiyofika hata saa moja. Hakulalamika hata mara moja. Aliniuliza tu, kwa upole: "Mwanangu, mashine yako imechoka?" Ilipoisha giza lilikuwa linaingia na hakutaka kupanda gari usiku. Akalala kwa binti yake Uyole. Akaniaga kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," asante sana, kana kwamba nimemfanyia hisani. Nilikaa pale nikiwa nimeinamisha kichwa.

Wiki ya pili ya Julai nikaamua kuisafisha mashine vumbi. Ilikuwa imetoka kufanya kazi usiku kucha; nilikuwa nimeiachia video ya harusi irende nikiwa nyumbani. Nikaizima, nikachomoa waya, nikavuta kava la ubavuni. Prosesa zote mbili zimefunikwa na vipoozaji, vile vibunda vya bati jembamba lililopangwa kama kurasa za kitabu, kila kimoja na feni yake. Vidole vilikuwa vinauma kwa baridi, na mtu mwenye baridi akiona kitu cha moto anakishika. Nikaweka kiganja cha kulia kwenye kipoozaji cha karibu. Moto mzuri, kama kikombe cha chai. Nikaweka kiganja cha kushoto kwenye cha pili.

Baridi. Ubaridi uleule wa chumba, kama kasha lenyewe.

Nikabadilisha mikono, nikidhani ni vidole vyangu. Kile kile. Kimoja kimefanya kazi usiku kucha, kingine kimelala usiku kucha. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba prosesa ya pili imekufa, na kwamba nilishauziwa mzoga. Nikampigia simu mtoto wa dada yangu, aliyekuwa anasoma MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia pale Iyunga, nikamwambia njoo ukimaliza vipindi.

Alikuja jioni na flashi yenye Ubuntu, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. "Mama mdogo, usiguse chochote ndani ya diski yako. Tutaiwasha kwa flashi, tuiulize yenyewe." Ukiwasha Ubuntu kwa flashi unaweza kuijaribu mashine bila kuisakinisha, ukizima inaondoka bila kuacha alama. Akafungua dirisha jeusi la amri, akaandika lscpu, akabonyeza. Mistari ikashuka. Akaweka kidole kwenye skrini: CPU, 16. Viini kwa kila soketi, 4. Soketi, 2.

"Zipo zote mbili, na zote ni nzima," akasema.

Tukazima, tukachomoa flashi, tukarudi kwenye Windows. Akafungua Task Manager, upande wa utendaji, pale chini ya grafu. Soketi: 1. Viini: 4. Nyuzi: 8. Mashine ileile, dakika tano baadaye. Akabofya kulia kwenye "This PC" kuangalia sifa za mfumo, na hapo lilikuwepo neno nililoliona miezi kumi na tatu nikalipita kila siku: Windows 10 Home.

Sasa nieleze kwa namna ambayo ningetamani mtu angenieleza mimi.

Mtu yeyote aliyepita Isyonje msimu wa viazi anaijua lumbesa. Gunia limejaa mpaka mdomoni, halafu juu yake wanaongeza kilemba cha viazi na kukishonea kamba, na mnunuzi analipa gunia moja. Hesabu ni ya gunia. Kilichomo ndani hakihesabiwi. Mkulima anaumia kwa hilo na serikali imepiga marufuku mara nyingi, lakini kwa leo nauchukua mfano tu. Leseni ya Windows ya mezani inahesabu magunia. Gunia ni soketi, viazi ni viini. Toleo la Home linakuruhusu gunia moja, lijaze utakavyo: prosesa ya viini 2, ya viini 8, hata Ryzen ya AMD ya viini 16, Home inavitumia vyote bila kinyongo, maana vimo kwenye gunia moja. Lakini ukija na magunia mawili, hata kama kila moja lina viazi vinne tu, la pili linaachwa mlangoni. Mimi nilikuwa na viini 8 kwenye magunia mawili. Jirani mwenye viini 16 kwenye gunia moja alikuwa hana shida yoyote na Home hiyohiyo.

Na hakuna onyo. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Windows haikuniambia "nimeona prosesa ya pili lakini leseni yako hairuhusu". Ilinyamaza tu. Ingekuwa na sentensi moja ya namna hiyo, yule mama wa Tukuyu angelala kwake.

Mpaka huu una historia ndefu kidogo, na kwangu inagusa maisha, kwa sababu nilianza kazi kwenye intaneti kafe Sokomatola mwaka 2004 nikipokea wateja kwenye mashine za Windows 98 na XP. Windows 95, 98 na Me hazikuijua kabisa prosesa ya pili. Ungeweka mbili, moja ingebaki pambo. Ukoo mwingine, wa NT, Windows ya maofisini, ndio ulioijua. NT 4.0 Workstation ya 1996 iliruhusu mbili, na Windows 2000 Professional mbili vilevile. XP ilipotoka Oktoba 2001 ikaziunganisha nyumba na ofisi chini ya ukoo wa NT, na tangu hapo mpaka ukachorwa kwa jina la toleo: XP Home prosesa moja, XP Professional mbili. Haujahama sana tangu wakati huo. Windows 7 Starter, Home Basic na Home Premium, moja. Professional na Ultimate, mbili. Windows 10 Home moja, Pro mbili. Windows 11 hivyo hivyo. Mwaka 2017 likaongezwa Pro for Workstations, linalopokea hadi soketi nne na RAM hadi terabaiti 6, lakini hilo ni la watu wa kazi nzito sana.

Kulikuwa na wakati hesabu hii ya magunia ingeweza kwenda vibaya kwa kila mtu. Mwishoni mwa 2002 Intel walileta Pentium 4 yenye nyuzi mbili, na kompyuta ikawa inaona kama prosesa mbili mahali palipo na moja. Halafu ikajulikana kwamba prosesa za viini viwili ziko njiani. Watengenezaji wengine wa programu walitaka kuhesabu kila kiini. Oktoba 2004 Microsoft wakatangaza kwamba wao watahesabu prosesa, haijalishi ndani kuna viini vingapi. Mwaka uliofuata Pentium D na Athlon 64 X2 zikaingia sokoni, na mtu wa XP Home akapata viini vyake viwili bila kulipa zaidi. Nasema wazi kwamba huo ulikuwa uamuzi mzuri. Wangeamua vinginevyo, laptop zetu zote hizi za Home zingekuwa zinatembea kwa mguu mmoja.

Kwa nini basi Home isipewe tu magunia mawili? Nilimuuliza mpwa wangu kama ni uwezo. Si uwezo. Moyo wa mfumo wenyewe (kernel) ni mmoja, Home na Pro. Leseni ndiyo inayosema simama hapa. Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1996 Mark Russinovich, mtaalamu wa Windows ambaye miaka kumi baadaye aliajiriwa na Microsoft hao hao, alikuwa miongoni mwa walioonyesha kwamba NT Workstation na NT Server 4.0 zilikuwa na moyo uleule, na kwamba thamani chache ndani ya rejista, daftari la mipangilio ya Windows, ndizo zilizokuwa zinaamua mashine ijione nani. Mimi ni mfanyabiashara, na kuuza kitu kwa madaraja nakuelewa. Hata mimi nina bei ya video ya kawaida na bei ya video yenye drone. Mteja wangu lakini najua nimemwambia kabla hajalipa kipi kimo na kipi hakimo.

Nikanunua leseni ya Pro. Fedha iliniuma kwa sababu ile stika ya ubavuni ilikuwa inanitazama: mashine ilitoka kiwandani na Pro, Pro yenye haki ya soketi mbili, na tuliifuta wenyewe kwa mikono yetu tukaweka Home. Kubadili kwenyewe hakukuchukua hata robo saa. Unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya uamilishaji (Activation), unaweka namba ya leseni mpya, inajizima na kujiwasha. Sikufuta faili, sikusakinisha programu upya. Nikafungua Task Manager na mpwa wangu amesimama nyuma ya kiti. Vile vijisanduku vinane vya grafu vilikuwa kumi na sita. Soketi: 2.

Kabla sijaenda nyumbani nikaichukua ile kazi ya Tukuyu, faili lilelile, mipangilio ileile, nikairenda upya ili nijue. Saa moja na dakika hamsini.

Angalia vizuri: haikuwa nusu kamili. Nilitegemea iwe saa moja na dakika arobaini na nilitaka kujua zile dakika kumi zimeenda wapi. Sehemu moja ni kwamba si kila hatua ya kurenda inagawanyika; kuna mahali programu inafanya kitu kimoja baada ya kingine na wafanyakazi saba wanasubiri. Sehemu nyingine ni diski, maana wakati huo nilikuwa bado nasomea mafaili kwenye diski ya kuzunguka, na diski hiyo ni mlango mmoja hata ukiwa na watu wengi kiasi gani. Na kuna suala la zile RAM tatu-tatu. Prosesa ikitaka kitu kilichoko kwenye RAM yake inakipata upesi. Kikiwa kwenye RAM ya mwenzake lazima kipite njia inayounganisha soketi mbili, na hiyo inachelewesha kidogo. Ndiyo maana kwa mtu anayenunua leo, prosesa moja mpya yenye viini vingi ni bora kuliko mbili za zamani. Hata umeme inakula kidogo. Mimi nilikuwa na mbili tayari, basi nilizitaka zote.

Nilirudi kwa yule fundi. Sikwenda kugombana. Nilimwonyesha picha mbili nilizopiga kwa simu, ya kabla na ya baada. Alizitazama muda mrefu. "Dada, nisamehe. Mimi niliona jina la prosesa limetokea nikajua kazi imeisha. Kwenye flashi yangu ilikuwepo Home." Nilimsamehe palepale, maana alisema kweli na hakujitetea. Ninachowaomba mafundi wote wa huku kwetu, Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe, ni hiki: kabla ya kumpigia mtu Windows, angalia ubavuni mwa mashine kuna stika gani, na ufungue kava uhesabu vipoozaji. Viwili, usiweke Home. Na ukishamaliza, fungua Task Manager mbele ya mteja, msome naye idadi ya soketi. Mashine hizi za soketi mbili zinaingia nchini kila siku kutoka ofisi za Ulaya, zinanunuliwa na watu wa studio, watu wa ramani, wachora majengo.

Sasa kuna upande wa pili wa jambo hili, na nao umeshawaumiza watu. Baada ya habari yangu kusambaa pale mtaani, mama mmoja mwenye stationery Mafiati alinifuata akiwa na wasiwasi. Kijana mmoja amemwambia kompyuta yake, i5-3470 yenye viini 4, inatumia kiini kimoja tu kwa sababu ina Home, na kwamba akilipia Pro vitaamka vyote. Mama wa watu alikuwa ameshaanza kutenga fedha. Nikamwambia, dada yangu, rudisha hela kwenye mkoba. Una gunia moja. Home inakutosha.

Lakini mashine yake ilikuwa nzito kweli, na tulipoikagua tukakuta kitu. Kwenye msconfig, kidirisha cha Windows cha kupanga jinsi inavyojiwasha, ukurasa wa kuwasha, ndani ya chaguo za ziada, kuna kisanduku kinachosema idadi ya prosesa. Video nyingi za mtandaoni zinafundisha watu wakitie tiki na kuchagua namba kubwa ili kompyuta iende kasi. Kisanduku kile hakiongezi chochote. Kikiwa hakina tiki, Windows inatumia viini vyote ulivyo na haki navyo. Ukitia tiki unaweka kikomo tu, na kimewekwa kwa ajili ya watengeneza programu wanaotaka kujaribu jinsi kitu kinavyokwenda kwenye mashine ndogo. Kwake mtu alikuwa ametia tiki akaacha namba 2. Tukaondoa tiki, ikajiwasha, vikarudi 4. Tukaweka na SSD, diski ya kasi isiyozunguka, badala ya diski ya zamani, na ile SSD ndiyo aliyoihisi zaidi. Haikufika hata robo ya fedha aliyokuwa ametenga.

Na nikiwa hapohapo niseme neno la RAM, kwa kifupi, maana watu wanalichanganya na hili. Matoleo yana vikomo vya RAM pia. Windows 7 Home Basic ya biti 64 haikuvuka GB 8, na Home Premium haikuvuka 16. Home ya Windows 10 inafika 128, kwa hiyo huko karibu hakuna anayeguswa. Kinachowaumiza watu wengi ni kupigiwa Windows ya biti 32 kwenye mashine yenye RAM ya GB 8: hapo utaishia GB 4, na kwa kawaida pungufu ya hapo. Hilo ni kosa la kila wiki, na nimelikuta hata kwenye laptop ya mwalimu wangu wa zamani.

Z600 yangu bado ipo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 nayo ilifika mwisho wake, na Windows 11 haizipokei prosesa hizi za 2010, wala mashine haina TPM 2.0, kile kijipande cha usalama kinachotakiwa. Nilijiuliza sana. Kuitupa mashine nzima yenye viini vinane vinavyofanya kazi kulinikataa moyoni. Novemba mpwa wangu, ambaye sasa ameshamaliza chuo, alikuja na flashi ileile, safari hii tukaisakinisha Ubuntu moja kwa moja. Huko hakuna Home wala Pro ya kukuhesabia soketi. Inachokiona kinafanya kazi. Nahariri kwa Kdenlive, programu ya bure ya video. Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu, vidole vilikuwa vinatafuta vitufe vya programu ya zamani, na kuna miondoko ya maandishi niliyoipenda ambayo nililazimika kuitengeneza upya kwa mkono. Nimeizoea.

Kwaya ya Tukuyu imerudi na nyimbo nane mpya, walizopiga kwenye mashamba ya chai wakati wa mvua, kijani kimekolea mpaka sare zao nyekundu zinaruka machoni. Mama katibu amekaa kwenye kiti kilekile, khanga mabegani, anakunywa chai. Naandika haya kwenye laptop huku mashine inafanya kazi. Nyimbo tano zimeshatoka, wa sita uko asilimia sabini. Ni saa nane mchana, na gari za Tukuyu zipo mpaka jioni.